Nusu ya Pili ya Wimbo wa Mama

Jamani, kuna watu wakiniona hapa Mirongo wanavuka barabara wakachekee upande wa pili, na wengine hawajisumbui hata kuvuka, wanacheka hapo hapo usoni kwangu, wananiuliza, "Vipi Masalu, mbuzi kafufuka tena?" Basi leo naomba niseme mwenyewe kwa mdomo wangu, maana habari hii imeshasimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi (juzi nimesikia eti kulikuwa na chatu, hakukuwa na chatu, kulikuwa na waya). Aibu ni yangu, siikatai. Mpaka leo nikikumbuka nasimama katikati ya duka nashika kichwa, mteja anafikiri nimeibiwa.

Kwanza muielewe pikapu ya baba. Baba alikuwa bwana mifugo, sasa amestaafu, na mimi nikiwa bado shule ya msingi alinunua pikapu iliyotumika, imetoka Japani, na ndani ya redio yake kulikuwa na kanda imekwama. Mnajua wenyewe magari ya Japani yanavyokuja, unafungua droo unakuta miwani ya mtu, unakuta vijiti vya kulia wali, sisi yetu ilikuja na kanda. Fundi wa kwanza alichokoachokoa na bisibisi akashindwa, wa pili akasema akiitoa redio nzima inakufa, baba akasema basi ikae. Kwa hiyo sisi, watoto wa Nyegezi, Wasukuma kwa baba na kwa mama, tukakulia kwenye roki ya Kijapani. Tunapeleka pumba, Wajapani wanaimba. Tunakwenda kanisani Krismasi, Wajapani wanaimba, na baba anapunguza sauti tukikaribia geti. Zilikuwa nyimbo za bendi mbalimbali za miaka ya tisini, nadhani mwenye gari alijirekodia zile alizozipenda, magitaa mengi, vijana wanaimba kama wamenyimwa mke, na sisi tukazijua zote mwanzo mwisho bila kuelewa neno hata moja. Tulizipa majina yetu. Kulikuwa na Wimbo wa Mlimani, kulikuwa na Baba Kakasirika, kulikuwa na mmoja tuliuita Ng'ombe Kapotea.

Wa mwisho kwenye upande mmoja wa ile kanda ulikuwa Wimbo wa Mama. Piano peke yake, halafu kijana anaingia taratibu, sauti ya huzuni mpaka unajihurumia na wewe. Mama akiusikia alikuwa ananyamaza, yeye ambaye hakunyamaza hata kwenye msiba. Aliuimba akipepeta mchele, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, nusu Kisukuma na nusu hayapo popote duniani. Na siku zote, ukifika pale kijana anapopandisha sauti, anavuta pumzi kama anataka kusema jambo zito, upande wa kanda unakwisha, redio inalia "taka!", inajigeuza yenyewe na kuanza upande wa pili. Tukazoea kwamba wimbo unaishia pale. Siku tunarudi kutoka kumzika mama, baba aliwasha pikapu na wimbo ulioanza ndio huo huo, na hakuna mtu aliyenyoosha mkono kuuzima. Kabula, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa amelala mapajani kwangu.

Huyo Kabula ndiye aliyepata mchumba. Kijana wa Kihaya, mwalimu, anaitwa Rwegasira, mpole, msomi, hana neno. Neno alikuwa nalo shangazi yake, Mama Kokugonza, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, mama wa kanisa hasa, Mlutheri wa uamsho, akiomba hata sufuria zinatulia. Na huyu mama alikuwa amesikia (sijui nani alimpelekea, mji huu una midomo) kwamba babu yetu mzaa baba alikuwa mcheza nyoka. Ni kweli alikuwa. Kwetu Usukumani ni ngoma, ni sifa, mzee anavaa chatu shingoni watu wanapiga vigelegele. Kwa Mama Kokugonza ilikuwa ni kuzimu.

Siku ya posa alimkazia baba macho akamuuliza, "Baba, hayo mambo ya nyoka ya mzee wenu yaliishia wapi?"

"Yaliishia kaburini, mama," baba akajibu, jasho linamtoka.

"Haya. Mimi nitakuja kwenye sendofu na macho yangu. Nikiona dalili yoyote, kijana wangu narudi naye."

Na hakuwa anatania. Rwegasira mwenyewe alikaa ameinamisha kichwa, maana mama aliyekulea akikataa, ndoa utaifunga na nani pembeni yako? Kabula alikonda. Wiki ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, alikuja dukani kwangu (nauza vifaa vya ujenzi, misumari, bati, koki) akakaa juu ya mfuko wa saruji akaniambia, "Kaka, nakuomba. Siku hiyo kila kitu kiwe cha kawaida. Cha kawaida kabisa." Kisha akafuta macho akasema, "Ila natamani mama angekuwepo."

Sasa ninyi niambieni, mtu mwenye akili angesikia sentensi ipi? Mimi nikasikia ya pili.

Alipoondoka nikachukua simu. Siku hizi simu ukiiimbia wimbo inakutafutia, basi nikafunga mlango nusu, nikauimbia ule wimbo wa mama "nana nana" katikati ya mabati, mara tatu, na loo, ukaja! Picha ya vijana wa Kijapani nywele zimesimama kama jogoo wa kupigana, chini yake maandishi yao yale. Nikabonyeza. Piano. Jamani, nililia. Nilimwona mama na ungo wake, namwona kabisa. Nikaona pia wameandika urefu, karibu dakika kumi, nikajiuliza mbona mrefu hivi, nikajijibu mwenyewe, "Labda wanaurudia." Ndiyo. Hilo ndilo jibu nililojipa, mimi mtu mzima mwenye leseni ya biashara. Hapo hapo mteja akagonga anataka misumari ya bati, nikauzima, nikautia kwenye flashi, sikuusikiliza tena.

Sendofu ilikuwa kwenye ukumbi mmoja ufukweni, upande huu wa Nyegezi, milango ya nyuma inafunguka kwenye mchanga na maji yako pale. Wakwe wakafika kutoka Bukoba kwa gari la kukodi, wamevuka daraja la Busisi wamechoka lakini wamependeza, Mama Kokugonza mbele na gauni la zambarau na kilemba. Baba akamwamkia, akamkalisha meza ya kwanza. Kila kitu cha kawaida, kama alivyoomba mtoto. Mapazia yamefungwa ili taa za mapambo zionekane, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imesimama mezani na nyanya mdomoni, pilau linanukia. Mama Kokugonza alikagua pembe zote za ukumbi kwa macho. Hakuona nyoka. Akaanza kula korosho.

Kama mjuavyo, kwenye sendofu kuna kipengele cha bi harusi kumtafuta mwenzake. Marafiki wa bwana harusi wanamficha, wimbo unapigwa, binti anazunguka meza kwa meza na ua mkononi mpaka ampate amchomeke kifuani. MC alikuwa ameandaa wimbo wa injili. Mimi nikamfuata DJ pembeni, nikampa flashi, nikamwambia, "Kabula akianza kuzunguka, weka huu. Na usiguse kitu chochote mpaka ampate. Chochote!" Kaka wa bi harusi ameagiza, DJ akatii. Aliuweka, akaona ni mrefu, akaenda zake kupanga foleni ya pilau.

Piano ikaanza. Kabula alisimama palepale. Akageuka akanitafuta kwa macho, akaniona, akaweka mkono mdomoni, na baba kule mezani akainua kichwa taratibu kama mtu aliyeitwa. Nawaambieni, kwa hizo dakika chache nilikuwa mtu mkubwa sana Mwanza hii. Kabula akaanza kuzunguka huku machozi yanamtiririka, na Mama Kokugonza akaniita kwa kidole.

"Wimbo mzuri. Unatuliza moyo. Ni kwaya ya wapi hii?"

"Ni ya nje, mama," nikasema. Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini mdomo ukaendelea wenyewe. "Ni wimbo wa kuabudu."

"Amina," akasema, akafumba macho.

Kijana akapandisha sauti. Akavuta ile pumzi. Mimi nikasubiri "taka!" Miaka yangu yote baada ya pumzi ile inakuja "taka!", na ndipo nikakumbuka, moyo ukiwa umeshapasuka, kwamba flashi haina "taka".

Mungu wangu! Ngoma zililipuka kama lori la mabati limepinduka ndani ya ukumbi, magitaa kumi sijui ishirini yakaingia kwa pamoja, na yule kijana mpole, yule wa mama, akapiga ukelele wa mtu aliyemwagiwa uji wa moto, akapiga tena, na wenzake wakamjibu kwa sauti nzito za kutoka chini ya ardhi. Glasi zilitembea mezani. Mtoto mmoja wa kwetu akaanza kucheza, mama yake akamzaba kofi. Mama Kokugonza akafumbua macho akanitazama mimi. Sio spika, mimi.

"Kuabudu nani?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, likatokea la pili. Kumbe wale marafiki walimficha Rwegasira nyuma ya spika kubwa, wamemkalisha kwenye kreti la soda, wamemfunika shuka jeupe gubigubi, na ukelele ule ulimpigia sikioni. Tuliona tu kitu cheupe kinaruka kutoka nyuma ya spika, hakina kichwa, kinapiga kelele, kikaivaa meza ya ndafu, kitambaa cha meza kikamzonga, na kikaanza kukimbia na mbuzi mgongoni.

"Mbuzi kafufuka!" mtu akapiga yowe.

"Katika jina la Yesu!" akajibu Mama Kokugonza, amesimama, mkono juu. "Toka! Nasema toka!" Na kile kitu kikatii kabisa, kikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo lilizidi kuwathibitishia wote.

Mimi nikakimbilia meza ya DJ. DJ hayupo, yuko kwenye pilau, na laptopu imejifunga inaniomba neno la siri. Nikaandika "dj". Ikakataa. Nikaona waya mnene mweusi unatoka ukutani, nikasema ndio huu, nikauchomoa kwa nguvu zangu zote. Taa zote zikazimika! Muziki ukaendelea! (Kumbe muziki wa DJ ulikuwa na jenereta lake nje, anaogopa umeme kukatika, na mimi nimechomoa waya wa taa.) Ukumbi giza, mapazia yamefungwa, Wajapani wananguruma, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani waya haujatoka wote, nikaendelea kuuvuta. Ulikuwa mrefu, ulikuwa umepita chini ya meza zote, na meza ya kwanza ulikuwa umepita juu ya miguu ya Mama Kokugonza.

"NYOKA!" nikamsikia. "Nyoka anapita miguuni! Nilisema! Mimi nilisema!"

Sina maneno ya kueleza kilichofuata. Wakwe wote, kwetu wote, MC, wapishi, watu wakatoka kwa milango, wengine kwa madirisha, viti miguu juu, pilau chini, na mimi nimebaki gizani na mwisho wa waya mkononi, najisemea, Masalu umemwua dada yako.

Nilipotoka nje jua lilikuwa ndiyo linagusa maji, mwanga bado upo, na watu wamejaa kwenye mchanga. Mama Kokugonza ana kiatu kimoja, kilemba kimeanguka mabegani, anawaambia watu wake, "Twendeni kwenye gari. Twendeni, hatulali hapa." Baba yuko mbele yake anasema "mama, mama," na hajui aongeze nini. Sijawahi kumwona baba yangu hivyo. Nikawaza, angalau nizime ule mdudu, nikakimbia kuzunguka jengo hadi nilikosikia jenereta linanguruma, na kutoka pale pembeni ndipo nikamwona Kabula.

Alikuwa ametoka na ua lake mkononi. Hakuangalia mtu. (Maneno yao nilisimuliwa baadaye, mimi pale nilikuwa naona tu.) Aliuliza, "Yuko wapi?" mtu akaonyesha kidole ziwani, na Rwegasira alikuwa kule, ndani ya maji hadi magotini, shuka limemning'inia begani, anatazama ukumbi kama hajui alikotokea. Kabula akaingia majini. Na gauni lile lile, na viatu vile vile, akamfuata, akamshika kola ya shati akamchomekea lile ua. Kwenye mchanga MC akasema kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu ya kazi yake, "Amempata."

Na mimi hapo nikaiona swichi ya jenereta, nikaizima.

Nikarudi nikipangusa mikono, nikijiona angalau nimeokoa kitu, nikakuta watu wote wananitazama, tena kwa sura tofauti na ile niliyoitegemea. Baba akaniuliza taratibu, "Ni wewe umezima?"

"Ndiyo baba. Nimeshazima, tulieni."

"Kelele zilikuwa zimekwisha," baba akasema. "Piano ilikuwa imerudi. Hukusikia? Masalu, mwanangu, mama yako alikuwa ndiyo anamalizia."

Sikusikia. Jenereta lilikuwa linanguruma sikioni kwangu. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Nimeuanzisha wimbo nisioujua, na pale ulipogeuka ukawa wa mama tena, nikaukata. Nikakaa kwenye mchanga.

Mama Kokugonza alimgeukia baba. "Mama yake nani? Mama yao si alishafariki?" Na baba, mtu asiyesema mambo yake, akamweleza yote palepale, pikapu, kanda iliyokwama, ungo wa mchele, siku ya makaburini, na kwamba sisi wenyewe mpaka leo hatukuwahi kusikia ule wimbo unaishia wapi. Yule mama alisikiliza na kiatu chake kimoja. Halafu akatazama ziwani, ambako wale wawili bado wamesimama majini wameshikana, hawajui kama warudi au wakimbie.

"Sisi wote tumekimbia," akasema. "Mimi ndiye wa kwanza, na maombi yangu yote. Huyu binti peke yake ndiye aliyekwenda kumtafuta mwenzake." Akavuta kilemba akakirudisha kichwani. "Washeni huo wimbo, umalizike. Mimi siwezi kurudi Bukoba na habari nusu. Nitaulizwa mwisho ilikuwaje."

DJ, sahani bado mkononi (mngemwona!), akawasha, akausogeza hadi pale nilipoukatia. Ikaja piano, laini kuliko mwanzo, na yule kijana akaimba maneno machache tu, kama mtu aliyelia akamaliza, akanyamaza. Basi. Baba alikuwa anauimba kwa pumzi, kwa yale maneno ya mama. Mama Kokugonza akasubiri hadi mwisho kabisa, akasema "Amina" (safari hii alijua anasema nini), kisha akauliza, "Sasa yule mbuzi kaangukia wapi?" Alikutwa mlangoni, akapanguswa mchanga, akaliwa.

Ndoa ilifungwa. Kwenye harusi yenyewe kamati ilikaa kikao maalumu kunihusu, nikapewa kazi ya kufungua soda, nikae mbali na chochote chenye waya, na Mama Kokugonza kila akija kuchukua soda ananiuliza, "Masalu, hii umeijaribu mpaka chini?" Na nimeapa: sitampigia mtu wimbo nisioujua hadi mwisho wake, awe Mjapani, awe Msukuma, hata kengele ya simu naisikiliza yote kwanza, wanaonipigia wanadhani nawakwepa.

Juzi nikamwambia baba, siku hizi kuna fundi hodari pale Mirongo, nimpeleke pikapu aitoe ile kanda, ikibidi anifungie redio mpya. Baba alikuwa amekaa ndani ya hiyo pikapu uani, mlango wazi, imezimwa injini, redio inaimba. Ikafika ile pumzi. Ikalia "taka!" Baba akaendelea kuimba peke yake, ile sehemu iliyobaki, hadi mwisho, halafu akaniambia, "Iache. Mwisho wake naujua."